Nguvu si Kinga

Katika nchi yetu ya Meru na Embu liko neno moja ambalo watu hulisema kwa fahari, nami nimelisikia tangu utoto wangu. Husemwa kwamba sisi tuliozaliwa katika baridi ya Mlima Kenya, tukanywa maji ya mito yake na kula njahi, viazi na ndizi za mashamba yetu, tuna damu nzito. Na ya kwamba magonjwa yaletwayo na mbu na kupe ni ya watu wa pwani, wa ziwani na wa nyika. Neno hili halisemwi na wazee peke yao. Muhula mmoja nilikuwa nikifundisha habari za chanjo ya homa ya manjano, akasimama mwanafunzi wa kidato cha tatu, kijana mwerevu kuliko wengi, akasema, "Mwalimu, chanjo hiyo ni ya watu wa Isiolo. Sisi wa mlimani damu yetu inatutosha." Darasa zima lilimpigia makofi.

Sikumkemea, kwa maana alisema yale aliyofundishwa nyumbani. Lakini makofi yale yalinikosesha raha siku nyingi, na insha hii ndiyo jibu langu. Nakusihi, msomaji, uisome hata mwisho, kisha uamue mwenyewe. Nasema tangu mwanzo, bila ya kuzunguka, kwamba neno hilo ni la uongo. Tena ni uongo mbaya, maana humfanya mtu mzima, mwenye akili na afya, aache mlango wazi usiku kwa kuwa anaamini misuli yake.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili usidhani kwamba nakuhubiria kutoka juu. Nilipomaliza chuo cha ualimu nikapata kazi, niliweka akiba ya mishahara yangu ya kwanza nikanunua kondoo saba kutoka kwa wachuuzi walioleta mifugo kutoka kaskazini. Walikuwa kondoo wa kupendeza, weupe wenye vichwa vyeusi, wamenenepa mkia na mgongo. Nyumbani mama alikuwa na kondoo wanne, wembamba, wenye manyoya yaliyochakaa, nami niliwacheka hadharani. Nilisema, "Mama, sasa utaona kondoo." Tukawachunga wote pamoja katika malisho yale yale, wakanywa maji yale yale.

Kabla ya wiki mbili kutimia, watano katika saba wangu walikuwa wamekufa. Walishikwa na homa kali, wakaacha kula, wakatokwa na kamasi puani, wakahara mpaka wakalala chini wasiinuke. Wale wanne wa mama hawakupiga hata chafya. Jirani mmoja akasema ni jicho la hasidi, kwa kuwa nilijisifu. Mwingine akasema kondoo wa nyika hawana nguvu. Alipokuja daktari wa mifugo, akawatazama, akageuza masikio yao na kutuonyesha kupe wa rangi ya kahawia waliojipanga humo kama punje za mtama. Alisema dalili zote zilielekea ugonjwa uitwao ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, ambao virusi vyake huchukuliwa na kupe yule. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, kondoo hawa hawakufa kwa udhaifu. Wamekufa kwa ugeni."

Fikiri vema juu ya maneno hayo. Ugonjwa ule ulitambuliwa kwanza karibu na Nairobi mwaka 1910, na tangu wakati huo wataalamu wameona jambo lile lile mara nyingi: kondoo waliozaliwa mahali penye kupe wale huishi bila ya taabu, na kondoo walioletwa kutoka nchi kavu isiyo na kupe wale hufa kwa wingi. Wale wa mama yangu hawakuwa na nguvu kuliko wangu. Walikuwa na kitu kingine, nacho ni kumbukumbu. Damu yao ilikuwa imekwisha kukutana na adui yule, ikamjua. Damu ya kondoo wangu wanene haikuwa imemwona kamwe.

Sasa nakuuliza wewe unayejivunia mlima: katika habari za homa ya manjano, wewe ni kondoo wa mama, au ni kondoo wangu?

Ili ujibu kwa haki, lazima ujue jinsi mwili unavyokumbuka. Katika damu yako na katika matezi yako ya shingoni, kwapani na kinenani, zimo seli nyeupe zisizohesabika. Kila moja imezaliwa na umbo lake la kushikia, na kwa hiyo kila moja inaweza kutambua kitu chake tu. Virusi wapya wakiingia kwa kuumwa na mbu, ni seli chache mno ziwezazo kuwashika. Hizo chache hupata habari, huanza kugawanyika, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, mpaka zikawa jeshi. Kisha humwaga katika damu vitu viitwavyo kingamwili, ambavyo huwaganda virusi na kuwazuia wasiingie katika seli nyingine. Mtaalamu wa Australia, Macfarlane Burnet, ndiye aliyeeleza mwaka 1957 jinsi seli hizo zinavyochaguliwa na kuongezeka, na elimu ya leo bado inasimama juu ya msingi huo.

Lakini angalia hesabu ya siku. Kazi hiyo yote, kwa adui mgeni, huchukua siku nyingi, pengine wiki moja au zaidi. Virusi hawangoji. Wakati jeshi lako linapojifunza, wao wanazaana. Katika homa ya manjano wagonjwa wengi hupona baada ya siku chache. Ila baadhi yao hupata nafuu ya muda mfupi, kisha homa hurudi kwa ukali, macho na ngozi huwa manjano, ini na figo huharibika, na damu huweza kutoka kinywani na puani. Katika wale waliofikia daraja hiyo, karibu nusu hufa kabla ya siku kumi. Hakuna dawa yoyote iwezayo kuua virusi hivyo ndani ya mtu. Daktari huweza kumpa maji, kutuliza homa, na kungoja.

Mtu akipona, sehemu kubwa ya jeshi lile hufa, maana kazi imekwisha. Walakini baadhi ya seli hubaki. Nyingine hukaa katika matezi na kuzunguka katika damu, zikiwa zimeweka sura ya adui. Nyingine huhamia ndani ya uboho wa mifupa na kuendelea kutoa kingamwili kidogo kidogo kwa miaka mingi. Adui yule yule akirudi, hakuti mwili unaoanza kujifunza. Hukuta mwili unaomngoja. Kazi iliyochukua wiki sasa huanza kwa saa chache, na mara nyingi mtu hata hajui kwamba alivamiwa. Wahenga wetu walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Damu yako pia ndivyo ilivyo, ila haishtuki kwa nyoka ambaye hajapata kuiuma.

Hapo ndipo fahari ya mlima inapoanguka. Mlinzi wa shamba la miraa kule Igembe, hata awe na kifua cha simba, hawezi kumzuia mwizi asiyemjua anayeingia kati ya wachumaji akiwa na kisu na kanga kama wao. Nguvu yake haitamsaidia maadamu hamjui. Chakula kizuri, usingizi na hewa safi ni vitu vyema, nami sikuzuii kuvitafuta. Mwili wenye njaa hupigana vibaya. Lakini njahi haifundishi damu yako sura ya virusi vya homa ya manjano. Wala haifundishwi na zile chupa zinazouzwa katika vituo vya matatu, ambazo muuzaji huapa kwamba huongeza kinga ya mwili. Mwulize muuzaji huyo swali moja: kinga dhidi ya nini? Atanyamaza, au atataja magonjwa arobaini kwa pumzi moja. Kinga si maji ya mtungi yanayoongezwa mpaka ukingoni. Kinga ni ujuzi, na kila ujuzi una jina la kitu kinachojulikana.

Hata watu waliozoea mbu tangu kuzaliwa hawasalimiki kwa mazoea hayo. Mwaka 2004 ugonjwa wa chikungunya uliingia katika kisiwa cha Lamu. Ugonjwa huo ulikuwa umetambuliwa nusu karne kabla, mwaka 1952 na 1953, katika nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjika, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo. Watu wa Lamu wanajua mbu kuliko wewe na mimi. Walakini damu yao ilipopimwa baadaye, kama robo tatu ya watu wa kisiwa walionekana kuwa wamepatwa. Walimjua mbu, hawakuwa wamevijua virusi alivyobeba. Ikiwa mazoea ya mbu hayakuwafaa wao, kutokuwa na mazoea kutakufaaje wewe?

Najua utasema, "Babu zetu walipigana na magonjwa, nasi tumerithi damu yao." Neno hili ni tamu, lakini si la kweli. Mtoto hupewa na mama yake kingamwili kidogo kabla ya kuzaliwa, na mwana-kondoo hupewa zake katika dang'a, maziwa yale ya kwanza mazito. Hiyo ni kinga ya kuazima, nayo huisha baada ya miezi. Wana-kondoo wa mama yangu waliazima kwa mama zao, wakaumwa na kupe wakiwa bado wamefunikwa na mkopo huo, wakapata kumbukumbu yao wenyewe. Laiti wangeondolewa wakalelewa mahali pasipo kupe, wangerudi wakiwa wageni kama wangu.

Na kwa binadamu mfano uko. Katika visiwa vya Faroe, mbali kaskazini mwa Ulaya, surua iliingia mwaka 1781, kisha haikuonekana tena kwa miaka 65. Iliporudi mwaka 1846, katika watu kama 7,800 waliokuwa visiwani, zaidi ya 6,000 waliugua. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, aliyetumwa huko, aliona jambo la ajabu: wazee waliougua utotoni mwaka 1781 hawakuguswa hata mmoja. Watoto wao na wajukuu wao, damu moja nao, wakaanguka vitandani. Wazee walikuwa na kumbukumbu. Hawakuweza kuwarithisha watoto kumbukumbu hiyo kama wanavyorithisha shamba.

Wako wengine ambao hoja yao ni kali zaidi. Wanasema, "Vema, ikiwa kinga ni kumbukumbu, basi acha watu waugue, wajifunze. Kinga ya ugonjwa wenyewe ni bora kuliko ya sindano." Sitawadhulumu watu hawa. Nusu ya neno lao ni kweli. Aliyeugua homa ya manjano akapona huwa na kinga ndefu sana. Mwaka 1855 homa hiyo iliupiga mji wa Norfolk katika Marekani, na baada ya miaka 75, damu ya watu walioipata ilipochunguzwa, kingamwili zilikuwamo bado. Ni kumbukumbu ya kustaajabisha. Lakini wenye hoja hii husema habari za waliopona tu. Wale waliozikwa Norfolk hawakupimwa damu. Ada ya shule hiyo ni maisha ya mtu, na hulipwa kabla ya somo kwisha.

Tena kumbukumbu ya ugonjwa si rafiki siku zote. Katika homa ya dengi, ambayo imepata kuzuka Mombasa mara kadhaa, virusi viko vya aina nne. Mtu aliyepona aina moja hupata kinga imara ya aina hiyo. Ila akiambukizwa aina nyingine baadaye, kingamwili zake za zamani huweza kuwaganda virusi wapya bila ya kuwazuia, na hata kuwasaidia kuingia katika seli. Ndiyo maana mara nyingi dengi ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Mtu asemaye "acha waugue wapate nguvu" hajui anachokitania. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Chanjo, basi, ni nini? Chanjo ni kumwonyesha mlinzi picha ya mwizi kabla mwizi hajafika. Mwaka 1927, katika nchi iitwayo leo Ghana, mwanamume mmoja aliyeitwa Asibi aliugua homa ya manjano, akapona. Virusi vilivyotolewa katika damu yake vilipelekwa maabarani, na baada ya kupitishwa mara nyingi katika vipande vya mwili wa panya na wa vifaranga ambao hawajaanguliwa, vilipoteza ukali wao bila ya kupoteza sura yao. Max Theiler, aliyezaliwa Afrika Kusini, ndiye aliyeongoza kazi hiyo, na mwaka 1937 chanjo yake ikawa tayari. Mwaka 1951 alipewa tuzo ya Nobel. Hadi leo chanjo ni ile ile. Dozi moja humpa kinga karibu kila aliyechanjwa kabla ya siku 30 kupita, na tangu mwaka 2016 cheti chake kwa wasafiri huhesabiwa kuwa cha maisha yote.

Sitakuficha upande wa pili, maana mwalimu anayeficha nusu ya kweli hastahili kusadikiwa katika nusu nyingine. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa hiyo hawapewi watoto walio chini ya miezi sita, wala watu ambao kinga yao ya mwili imeharibika sana, wala wenye mzio mkali wa mayai. Na wazee hupimwa kwanza faida na hatari. Mara chache sana huleta madhara makubwa. Haya ni mambo ya kumwuliza mganga wa zahanati, naye ana wajibu wa kukujibu kwa upole. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukataa bila ya kuuliza, kisha kujisifia mlima.

Sasa turudi kwetu. Mnamo Machi 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba homa ya manjano imezuka Isiolo, na watu walikuwa wamekwisha kufa. Kutoka mjini Meru mpaka mjini Isiolo ni safari ya matatu ya kama saa moja. Mbuzi wa huko huja katika masoko yetu, mboga na miraa zetu huenda huko, vijana wetu hufanya kazi huko, na vijana wa huko husoma katika shule zetu. Ukishuka Tharaka au Mbeere hukuti baridi ya kujivunia. Na mbu wa homa ya manjano haogopi nyumba ya mwalimu: hutaga katika mapango ya miti msituni, na ndugu yake wa mjini hutaga katika mapipa, mitungi na matairi yaliyotupwa, naye huuma mchana, wakati chandarua chako kimekunjwa.

Kabla ya hapo, homa hiyo ilikuwa imepiga Bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993. Baadaye chanjo ikaingizwa katika ratiba ya watoto, lakini kwa sehemu za Baringo na Elgeyo Marakwet tu, pale palipopigwa. Isiolo haikuwamo. Hapa nina lawama, na lawama hiyo si ya mtu mmoja, ni yetu sote. Mwili hukumbuka baada ya kupigwa kwa sababu hauna njia nyingine. Hauna macho ya kutazama jirani. Taifa lina macho. Likingoja kila wilaya ipigwe ndipo ichanjwe, linatumia akili kidogo kuliko daftari la mtoto wa darasa la kwanza, ambamo somo la jana husomwa leo. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Isiolo imekwisha kunyolewa. Maji yetu yako wapi?

Na wewe mwanafunzi usiseme kwamba haya ni mambo ya wakubwa. Ni wewe unayesoma kadi za zahanati nyumbani kwa sababu bibi hawezi kuziona vizuri. Ni wewe unayejua ndugu yako mdogo alichanjwa nini na hakuchanjwa nini. Nenda ukaisome kadi hiyo leo. Akija mfanyakazi wa afya kijijini na watu wakaanza kusema habari za damu nzito, usinyamaze kwa adabu. Mkubwa hajibiwi kwa ufidhuli, lakini huulizwa kwa heshima. Sema, "Babu, damu yetu ilikutana na ugonjwa huu lini?" Swali hilo moja latosha. Asipokuwa na jibu, mshike mkono umpeleke kwenye foleni, nawe usimame nyuma yake.

Yule kijana wa kidato cha tatu alinijia ofisini wiki moja baada ya somo lile. Aliniuliza ni kondoo wangapi walibaki katika wale saba. Nikamwambia wawili. Akafikiri, kisha akauliza kama wale wawili waliishi sana. Nikamjibu kwamba waliishi miaka mingi, wakazaa, na kupe wale hawakuwadhuru tena. Akasema, "Basi ungewajulisha mapema, Mwalimu, wangeishi wote saba." Sikuwa na la kuongeza, nami siongezi kwako.